Sabina Park na Mpira wa Pinki: Jamani, Mmeona?

Mpira wa kwanza, John Campbell nje. Mpira wa tano, Kevlon Anderson nje. Wa sita, vijiti vya Brandon King viko chini! Ova moja tu imekwisha, ubao unaonyesha West Indies sifuri kwa wiketi tatu, na Mitchell Starc wa Australia, aliye kwenye mechi yake ya 100 ya Testi za kriketi, anarudi nyuma kwa hatua za mtu aliyetumwa sukari dukani. Ova yake ya tatu inaondoka na wawili wengine: Mikyle Louis, ambaye ni wiketi yake ya 400, kisha Shai Hope. Wiketi tano kwa mipira 15! Tangu Testi zianze, hakuna mrushaji aliyewahi kufikisha tano upesi hivyo zamu ya wapinzani ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Hivyo ndivyo Sabina Park wa Kingston, Jamaica, ulivyoingia kwenye Testi za mchana na usiku, Julai 2025. Na uwanja wenyewe si mgeni wa makubwa. Testi zinachezwa hapo tangu 1930, na ndipo Garfield Sobers alipopiga 365 bila kutolewa mwaka 1958. Ila huu wa taa na mpira wa pinki ni uwanja mwingine kabisa. Mwangalie mrushaji anavyokimbia Milima ya Blue ikiwa nyuma yake, mpira ukiwaka kama unatumia betri, halafu uniambie kama hukusogeza kiti karibu na runinga.

Jua la pale ndilo lililonikosha zaidi. Jamaica iko tropiki, kwa hiyo jua likiamua kuzama linazama, halina mazungumzo. Ule utusitusi unaowasumbua wapigaji, saa ambayo taa hazijashika sawasawa na mwanga wa mbingu haujaondoka, unapita haraka. Linganisha na Edgbaston, Birmingham, Agosti 2017. Jua la kiangazi cha Uingereza liligoma kutua mpaka baada ya saa mbili usiku, taa zikawa mapambo, Alastair Cook akajipigia 243 na mechi ikaisha ndani ya siku tatu. Kama usiku wenyewe hauji, mpira wa pinki wa nini?

Lakini hapa ndipo shangwe yangu inapopunguza mwendo kidogo. West Indies walitolewa kwa mikimbio 27, jumla ya pili kwa udogo katika historia yote ya Testi. Wapigaji saba waliondoka bila hata mkimbio mmoja. Scott Boland naye akawatoa watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kama Sam Konstas wa Australia asingeukosa mpira aliotakiwa kuudaka uwanjani, wangebaki kwenye 26 na kuifikia aibu ya New Zealand ya 1955. Na hayo yote yalitokea jua likiwaka! Taa za Sabina hazina kesi ya kujibu. Mpira wa pinki hupakwa rangi nzito ili uonekane usiku, na nyasi huachwa kwenye pichi ili rangi hiyo isikwanguke mapema. Ukiziacha nyasi zikazidi, mpira unauma mchana, unauma jioni, unauma usiku. Australia wenyewe waliambulia 225 na 121. Alzarri Joseph wa West Indies alikuwa akiwapasua vizuri tu.

Ndiyo maana bado naapa kwa Adelaide. Pale ndipo yote yalipoanzia, Novemba 2015, Australia na New Zealand, watu 123,736 kwa siku tatu, wengi wakiingia baada ya kazi. Kwa mechi ile nyasi ziliachwa kama milimita 11, na tangu hapo mafundi wa pale wamekuwa wakizipima kama dawa. Matokeo yake? David Warner alipiga 335 bila kutolewa pale mwaka 2019. Mwaka uliofuata, pale pale, India ya Virat Kohli ikatolewa kwa 36, tena mchana, Josh Hazlewood akichukua tano kwa mikimbio minane. Uwanja mmoja unakupa yote mawili! Mpigaji mwenye subira mchana anavuna, na nahodha mjanja anafunga zamu yake magharibi ili wapinzani waingie gizani. Huo ndio mchezo ninaoutaka, ambapo saa ya ukutani nayo ni mchezaji.

Brisbane nao, usiusahau. Januari 2024 Shamar Joseph, kidole cha mguu kikiwa kimeumizwa na mpira wa Starc siku moja kabla, alichukua saba kwa 68 na West Indies wakashinda kwa mikimbio minane. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza.

Kwingine nitapita mbio. Kolkata, Novemba 2019: jua huzama mapema mno na umande hushuka, ikabidi waanze saa saba mchana, ila ule umati wa Eden Gardens, acha tu. Ahmedabad, 2021: siku mbili, basi, Axar Patel wiketi 11 kwa mpira uliokuwa ukiteleza moja kwa moja badala ya kukata kona. Dubai, 2016: pichi imelala usingizi, Azhar Ali akapiga 302 bila kutolewa mbele ya viti vitupu.

Hukumu yangu basi. Kwa hali ya hewa, kwa machweo, kwa sura, Sabina Park umezaliwa kwa ajili ya mchezo huu, na bodi ya West Indies isiutupe kwa sababu ya aibu ya 27. Warudishe mpira wa pinki Kingston, wapunguze nyasi, waache usiku ufanye kazi yake. Nawe msomaji, Adelaide wakicheza tena mpira wa pinki, washa runinga asubuhi, lakini mchana usithubutu kuondoka: saa ya mwisho kabla wachezaji hawajatoka uwanjani ndiyo mechi yenyewe.