Ngeli, Violezo na Mipaka ya Mantiki: Tathmini kwa Muktadha wa Koboko

Hoja ya Terence Parr (2004), kwamba kiolezo cha ukurasa wa wavuti kitenganishwe kabisa na mantiki ya programu, ina uzito. Hata hivyo, Koboko, Uganda, ambako Kikakwa, Kinubi na Kiswahili hukutana karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, hudai ufafanuzi. “Mgonjwa 1 amelazwa” haiwi “wagonjwa 5 wamelazwa” kwa kubadili tarakimu pekee: upatanisho wa kisarufi ni mantiki ya uwasilishaji. Injini ya violezo ya Mustache huisukuma kanuni hiyo ndani ya programu, mbali na mfasiri. Jinja (injini, si mji) humwachia masharti ndani ya kiolezo. Kwa mifumo ya umma Jinja yafaa zaidi, mradi uamuzi wa nani ahudumiwe usiingie humo.