Mkono Usiojibiwa

Nintendo ilipotoa mtambo wa Wii mwaka 2006, ahadi ilikuwa kubwa: mchezaji aache kubonyeza vitufe, ainuke, apunge mkono, naye atazama mchezoni kwa mwili mzima. Katika tenisi ya Wii Sports, mwanzoni ahadi hiyo huonekana kutimia. Kisha mkono hugundua siri: mtikiso mdogo wa kifundo watosha kurudisha mpira, hata kwa aliyejilaza kitini. Hapo mwili huketi, na mchezo hubaki kiooni.

Kosa si kupunga mkono, bali mkono kutojibiwa. Mkulima wa Buganguzi, Muleba, apigapo jembe kibanjani, ardhi humjibu: penye jiwe jembe hugutuka, penye unyevu huzama. Kifaa cha Wii hutetema tu. Mpira hauna uzito. MotionPlus ya mwaka 2009 iliongeza usahihi wa kupima mwendo wa mkono, lakini uzito haikuuleta.

Bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64, halidai jasho. Lakini kete hutiwa moja moja, na kiganja kinachopungukiwa humwambia mchezaji safari yake yakomea wapi. Shimo hawezi kuliruka. Mwenzake amemkodolea macho. Ndiyo maana adhana humkuta angali ameinama.

Washairi walijua jambo hili zamani. Vina vikipangika huku mizani imepungua, shairi ni guni. Ishara ya mkono isiyo na mizani nayo ni guni, hata ikipambwa kwa picha nzuri namna gani.