Pedi Imeondoka Mkononi: Maoni ya Awali Kuhusu The Last of Us

Wapo wenzetu wa fasihi ambao wakisikia tu neno gemu wanakunja uso. Eti huo ni mchezo wa watoto, na tamthilia iliyotokana na mchezo wa watoto haiwezi kuitwa fasihi. Upande wa pili wapo wapenzi wa gemu wenyewe, ambao kwao kila kilichoongezwa ni uzushi na kila kilichopunguzwa ni wizi. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kuwa pande zote mbili zinabishania jambo la pembeni. Swali la msingi ni hili: hadhira iliyozoea kushiriki katika hadithi, leo ikiketishwa kimya, mtunzi anaifidia nini?

Ninazungumzia The Last of Us, mfululizo wa televisheni wa HBO ulioanza kuonyeshwa Januari 2023. Watunzi wake ni Craig Mazin na Neil Druckmann, na huyu Druckmann ndiye aliyeandika gemu yenyewe, iliyotengenezwa na Naughty Dog na kutolewa mwaka 2013. Msimu wa kwanza una sehemu 9. Mimi nitajifunga na 3 za mwanzo, maana hapo ndipo mtunzi na mtazamaji wanapowekeana masharti.

Kisa kwa ufupi: aina ya kuvu ambayo katika maisha halisi huvamia wadudu kama sisimizi na kutawala mienendo yao, inaingia kwa binadamu, na ulimwengu unaanguka. Miaka 20 baadaye Joel (Pedro Pascal), mfanya magendo aliyefiwa na bintiye, anapewa kazi ya kumsafirisha Ellie (Bella Ramsey), msichana wa miaka 14 ambaye ugonjwa huo haumdhuru.

Sasa, tuliosoma fasihi simulizi tunajua kuwa fanani hakamiliki bila hadhira. Mtambaji akisema "Paukwa!" asipoitikiwa "Pakawa!", hadithi haiendi. Kwa maoni yangu gemu ina undugu na utambaji kuliko ilivyo na riwaya. Mchezaji asipobonyeza, mhusika anasimama pale pale kama kisiki. Katika gemu ya 2013 unaanza ukiwa Sarah, binti wa Joel. Wewe ndiye unayemtembeza usiku ndani ya nyumba, wewe unayefungua milango kumtafuta baba. Anapokuja kufa baada ya muda mfupi tu, unahisi umenyang'anywa kitu mkononi.

Televisheni haina pedi ya kumpa mtazamaji. Je, imefanya nini? Imempa Sarah (Nico Parker) siku nzima. Tunamwona akimwandalia baba yake chai ya asubuhi siku ya kuzaliwa kwake, akiipeleka saa ya baba mjini kwa fundi, akienda kukaa na majirani wazee. Mambo ya kawaida kabisa. Halafu kinakuja kipande ambacho kwangu kinazidi vyote. Sarah amesimama anachagua filamu kwenye rafu. Nyuma yake, katika ukungu wa picha, bibi kizee aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu anaanza kujipinda na kutetemeka. Sarah haoni. Sisi tunaona. Mtu unatamani upige kelele, "We mtoto, geuka!" Lakini nani atakusikia?

Taharuki ya gemu hutokana na uwezo: nisipokosea, nitamwokoa. Taharuki ya kipande hiki inatokana na kunyimwa uwezo huo. Watunzi hawakuuficha ukimya wetu. Wameugeuza kuwa nyenzo ya kifani. Na walitudokeza mapema, kwani sehemu ya kwanza inafunguka na kipindi cha televisheni cha mwaka 1968, ambapo mwanasayansi anaonya juu ya kuvu mbele ya hadhira ya studio. Mwanzoni hadhira ile inacheka. Anapomaliza, hakuna anayecheka. Sehemu ya pili nayo inafunguka Jakarta, 2003. Profesa wa kuvu, anayeigizwa na Christine Hakim wa Indonesia, anaombwa dawa. Anajibu kuwa dawa hakuna, jiji lipigwe mabomu, kisha anaomba arudishwe nyumbani kwa familia yake. Hata yeye mwenye elimu yote hana la kubonyeza.

Hata hivyo, mfululizo huu una mahali unapojisahau. Katika sehemu hiyo hiyo ya pili, Joel, Ellie na mwenzao Tess wananyata ndani ya jumba la makumbusho kuwakwepa wagonjwa vipofu wanaotafuta njia kwa mlio wa koo. Sauti zimepangwa vizuri, sikatai. Ila kipande hiki kimenakiliwa kutoka tabia ya gemu, ambako ukikosea hatua moja unauawa na unarudi kuanza upya. Pale woga ni wa kweli kwa sababu kosa ni lako. Kwenye televisheni nani asiyejua kuwa Joel na Ellie hawawezi kufa sehemu ya pili? Tumepewa woga wa mchezaji bila dhamana yake.

Kinyume chake ni sehemu ya tatu, ile iliyozusha ubishi mkubwa. Katika gemu, Frank tunamkuta ameshajinyonga, na kinachobaki ni barua yenye uchungu kwa mwenzake Bill. Katika mfululizo, karibu sehemu nzima inasimulia miaka mingi ya wanaume hawa wawili waliopendana, hadi wanapozeeka na kufa pamoja. Wapo walionung'unika kuwa msuko umesimama. Mimi naona mtunzi amefanya alichofanya kwa Sarah, ila kwa kipimo kikubwa zaidi: amechukua kifo ambacho mchezaji alikipita njiani akakirudishia maisha yaliyokitangulia. Mchezaji ana haraka, ana njia ya kwenda. Mtazamaji aliyeketishwa anaweza kungojeshwa, na kungoja huko ndiko kunakomfanya ahesabu hasara.

Kwa hiyo kipimo cha uhakiki hapa kisiwe uaminifu kwa gemu. Tuulize kila badiliko limefanya nini na mikono yetu iliyobaki mitupu. Kwa kipimo hicho, sehemu hizi 3 zinafaulu zaidi pale zinapothubutu kuiacha gemu.

Nina ombi moja kwa walimu wetu. Kozi ya fasihi simulizi inazungumzia hadhira kana kwamba iliishia kwenye moto wa jioni na bibi. Hadhira inayoitikia bado ipo, imeshika pedi, na wengi wao ni sisi wenyewe. Tukiendelea kuwakunjia uso, tutakuwa tunafundishana nadharia ya ushiriki huku tukiwafungia mlango wanaoshiriki. Anayeona nimepotoka na ajibu toleo lijalo.