Stempu za Zamani kwenye Barua za Leo

Kuna mwalimu mstaafu anayeishi Makongeni, mjini Thika, ambaye bahasha zake nazitambua kabla sijasoma jina la mtumaji. Kwenye kona ya juu kulia, mahali wengi wetu hubandika stempu moja ya bei kamili, yeye hupanga nne, sita, pengine hata kumi, nyingi zikiwa za miaka ambayo vijana wa mtaa wake walikuwa bado hawajazaliwa. Hazijawahi kupigwa muhuri. Baadhi alizinunua mwenyewe zamani akaziweka, nyingine alipewa na watu waliokuwa wakisafisha madawati ya wazazi wao. Huzibandika kwenye barua za kawaida kabisa: salamu kwa waliokuwa wanafunzi wake, pole kwa wafiwa, pongezi kwa aliyejifungua.

Hazina yake ni pana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na posta tuliyoshirikiana na Uganda na Tanzania ikagawanyika. Desemba ya mwaka huohuo Kenya ikatoa stempu za madini, ametisti kwenye shilingi 1, rubi kwenye shilingi 20. Yalitangulia makombe ya baharini ya 1971, kazi ya mchoraji Rena Fennessy, kisha yakafuata maua mwaka 1983, vipepeo 1988 na ndege 1993. Kwenye yale makombe, majina ya kisayansi ya stempu mbili, ya senti 50 na ya senti 70, yalikosewa, ikabidi zichapwe upya. Mwalimu anayajua hayo, ndiyo maana hukagua kila moja kabla ya kuitumia, na yenye thamani kwa wakusanyaji huiweka kando. Zilizobaki, zile za kawaida ambazo wakusanyaji hawazitaki, ndizo za kusafiri.

Kabla ya yote huuliza kaunta ni matoleo yapi yanapokelewa na ada ni kiasi gani. Lisilokubaliwa halibandiki. Baada ya hapo huja hesabu, na hapo ndipo napenda kumtazama. Tuseme ada ni shilingi 50. Mwenye haraka atarundika stempu za shilingi 2 hadi bahasha ijae. Yeye hutafuta familia moja itakayotimiza jumla bila kuzidi hata senti: garneti ya kijani ya shilingi 40, ile iliyopewa jina la Tsavo, garneti nyekundu ya 5, akwamarini ya 3 na turmalini ya 2. Mawe manne, shilingi 50 kamili. Akikosa ya 3 hachanganyi kipepeo humo kwa pupa. Hufumua hesabu yote na kuanza upya na ndege au maua.

Stempu nazo zina uzito. Moja haihisiki mkononi, lakini kumi na tano pamoja na gundi yake zinaweza kuipitisha barua kwenye gramu 20, na ada ikapanda daraja. Kwa hiyo hupima bahasha ikiwa na stempu zake juu. Zilizogandana kwa unyevu huzitia kwenye friza kwa muda, kisha huzibandua taratibu kwa ncha ya kisu butu. Iliyopoteza gundi huipaka gundi ya karatasi, kidogo sana, kwani ikizidi hutokeza kwenye matundu ya ukingoni na kuchafua sura. Kabla ya kuchana hukunja mstari wa matundu mbele na nyuma, ili jino lolote lisikatike. Hapandanishi moja juu ya nyingine, kwa sababu bei iliyofunikwa haihesabiwi. Na huacha nafasi ya kutosha kwa anwani, maana barua isiyofika haina uzuri.

Kinachonigusa zaidi ni heshima anayompa karani. Stempu nane ni kazi kubwa kuliko moja: lazima karani ajumlishe, kisha apige muhuri hadi kila moja iguswe. Mwalimu hupanda matatu kwenda posta ya mjini saa ambayo foleni ni fupi, akiwa ameandika jumla kwa penseli nyuma ya bahasha, na husubiri bila kuhimiza.

Kila nchi ina sheria yake. Marekani hupokea karibu stempu zake zote zilizotolewa tangu 1860. Uingereza ilisitisha zile za kawaida zisizo na msimbo pau tarehe 31 Januari 2023, ikaziacha za picha ziendelee. Popote pale, iliyokwisha kupigwa muhuri hairudiwi. Huo ni wizi.

Kama nyumbani kwenu kuna droo yenye stempu ambazo hazijatumika, usizitupe wala usiziache ziliwe na unyevu. Zipeleke posta iliyo karibu nawe, uliza zipi zinapokelewa, kisha mwandikie mtu ambaye hujamwandikia kwa muda mrefu.