Buku wa Unguja si 'panya wa Gambia'

Mwaka wa 2020, Magawa, mnyama aliyekuwa akinusa mabomu ya kutegwa ardhini nchini Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza. Alizaliwa Tanzania na kufunzwa na APOPO, ambao kituo chao kiko Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Lakini anapoandikwa kwa Kiswahili, utasikia eti ni "panya mkubwa wa Gambia". Wa Gambia kivipi?

Mnyama huyu tunaye, bara na kisiwani Unguja. Ana vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Waswahili humwita buku, na kamusi ya Johnson ya 1939 inalo neno hilo. Mtafsiri aliyeliruka alitafsiri Kiingereza, hakumtaja mnyama.

Tena alitafsiri kosa. Jina la kisayansi Cricetomys gambianus lilitolewa na Waterhouse mwaka wa 1840. Kwa miaka mingi buku wa kwetu, wa Unguja wakiwemo, waliwekwa chini ya jina hilo. Mwaka wa 2005, Musser na Carleton waliorodhesha spishi nne. Gambianus ikabaki ya Afrika Magharibi, na wa kwetu wakawa Cricetomys ansorgei. Wanasayansi walisahihisha, sisi bado tunakariri jina walilokwisha kuliacha.

Najua nitakavyojibiwa. Hapa Kithimani ukimtajia mwanafunzi buku, atadhani unataka daftari. Sawa, basi tuseme panyabuku, neno ambalo halimchanganyi mtu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: buku hutaja ukubwa, ilhali sayansi huainisha kwa ukoo. Panya yeyote aliyenenepa ghalani anaweza kuitwa buku. Ni kweli, na ndiyo sababu jina la kienyeji pekee halitoshi katika kitabu cha shule. Liandikwe pamoja na lile la kisayansi: la kwanza limwezeshe msomaji kumtambua mnyama, la pili limweleze ni spishi gani.

Uainishaji huenda ukabadilika tena, kwa kuwa kazi ya sayansi ni kujikosoa. Ansorgei likiachwa kesho, tutabadilisha neno moja la Kilatini na panyabuku atabaki palepale. Aliyeandika "wa Gambia" itambidi afute sentensi nzima, tena awaeleze wanafunzi kwa nini alimpa mnyama wa Unguja uraia wa nchi asiyoijua.