Kabla ya Kuomba Wakutubi, Chambueni Kazi

Maktaba ikitaka kuanzisha huduma mpya, mazungumzo ofisini huanzia kwenye ikama: tuombe wakutubi wangapi? Swali hilo hutangulia lile linalopaswa kuja kwanza: kazi zenyewe ni zipi?

Tutazame Garissa, Kenya. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wanaohamahama, kwa ngamia. Msafara wa kawaida ni ngamia watatu. Mmoja hubeba masanduku mawili yenye vitabu 400 hivi, mwingine hema. Ichambue siku moja ya msafara huo: kuna kuchagua vitabu, kupakia, kuongoza wanyama, kusimika hema, kuazimisha na kuandikisha. Ukutubi unahitajika mwanzoni na mwishoni. Katikati anatakiwa mtu anayemjua ngamia. Ndiyo maana mkutubi husafiri na mchunga ngamia, na kila mmoja ana lake.

Sasa tuje Tanzania: tuseme Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, inataka chumba cha kusomea Msasani, chenye kompyuta na kona ya watoto. Kila kazi iandikwe na kupimwa kwa mambo manne: inafanyika mara ngapi, inachukua muda gani, inataka ujuzi gani, na ikiharibika nani anaumia.

Chukua kijana anayekuja kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Amesahau nywila, vyeti vyake bado ni karatasi, na tarehe ya mwisho ni leo. Kumhudumia kunataka mtu mwepesi wa kompyuta, mvumilivu na mtunza siri, maana namba ya NIDA na vyeti vya mtu vitapita mikononi mwake. Akikosea, kijana amekosa nafasi. Kuorodhesha vitabu, kwa upande mwingine, kunaweza kufanywa kwa mkupuo mmoja na mtaalamu kutoka makao makuu. Watoto nao huja baada ya masomo. Msimamizi wao anahitajika alasiri, si asubuhi.

Jumla yake si wakutubi watatu. Ni mkutubi mmoja, fundi wa kompyuta anayependa watu, na mlezi wa watoto wa zamu ya alasiri.

Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi, na wahitimu wake wanahitajika. Lakini tusiwaajiri kisha tukawageuza mafundi wa printa. Wakuu wa maktaba, orodha ya kazi itangulie tangazo la nafasi.