Vibuyu Juu ya Mlingoti

Mashariki ya Milima ya Rocky, kuanzia Florida mpaka kusini mwa Kanada, yupo ndege aliyeuacha mti akahamia kwa binadamu. Ni mbayuwayu zambarau, mkubwa kuliko mbayuwayu wote wa Amerika Kaskazini, na dume aliyekomaa humetameta buluu na zambarau jua likimpiga. Babu zake walitaga katika mashimo yaliyochongwa na vigogota kwenye miti iliyokufa. Katika jangwa la Arizona wenzake bado wanaishi hivyo, ndani ya kaktasi ndefu. Lakini mashariki karibu wote huanguliwa katika nyumba iliyotundikwa na mtu. Watu wakiacha kutundika, ndege hawa hawana pa kutaga.

Ufundi wa kuwakaribisha una umri mkubwa. Mark Catesby, Mwingereza aliyeandika juu ya viumbe vya Carolina katika karne ya 18, alivikuta vibuyu vimeangikwa juu ya milingoti kwa ajili yao, akaeleza na faida yake: mbayuwayu hawa huwafukuza kunguru na mwewe wanaonyemelea kuku. Mwanzoni mwa karne ya 19 Alexander Wilson, Mskoti aliyejitwika kazi ya kuwaandika ndege wa nchi ile, alisimulia jinsi Wachoctaw na Wachickasaw walivyokata matawi ya mti mchanga ulio jirani na kibanda, wakaacha vishikizo vifupi, na kila kimoja wakakitundikia kibuyu. Aliandika pia kuhusu watu weusi wa kingo za Mto Mississippi waliosimamisha mianzi mirefu yenye kibuyu kileleni.

Hapo inafaa kutua kidogo. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa. Mtu ambaye hata kibanda alicholala hakikuwa chake alimwekea ndege nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa na asili ya bara la babu zake. Mung'unye unaozaa vibuyu ni mmea wa Afrika. Mwaka 2014 watafiti waliolinganisha vinasaba vya vibuyu vya kale vya Amerika waliona vinakaribiana zaidi na vya Afrika, wakaeleza kwamba yaelekea vilielea juu ya Atlantiki, mbegu zikiwa salama ndani, maelfu ya miaka kabla ya meli za utumwa.

Kibuyu kizuri kinataka msimu mzima. Mbegu hupandwa baridi ikiisha, tunda huachwa likomae, kisha hukaushwa kwa miezi mpaka liwe jepesi na mbegu zichezecheze ndani likitikiswa. Fundi hutoboa mlango ubavuni, wenye upana wa sentimita 5 hivi, akakwangua nyama iliyokauka, akatoboa vitundu vya kutoa maji chini na vingine shingoni vya kupitisha waya. Mwisho hupaka rangi nyeupe, maana vifaranga watakaa humo jua la Juni likiwaka, na rangi nyeupe huakisi joto.

Kisha mahali. Mfuga nyuki wa Tabora au Kitui anajua kwamba mzinga uliotundikwa vibaya hukaa mtupu, na kwa vibuyu ni vivyo hivyo. Mlingoti wa mita 3 mpaka 6 husimamishwa uwanjani, mita 12 au zaidi kutoka kwenye mti wowote, kwa sababu mti wa karibu ni maficho ya kipanga. Lakini usiende mbali na nyumba ya watu. Ndege huyu huchagua kukaa machoni mwa binadamu, kwenye kelele za watoto na kamba za kuanikia nguo. Bomba pana la bati hufungwa kwenye mlingoti ili nyoka na rakuni wakipanda wateleze, na vibuyu huning'inizwa kwa roda viweze kuteremshwa na kupandishwa.

Lakini wavamizi wabaya zaidi huja kwa mabawa, tena waliletwa makusudi. Shomoro wa Ulaya walifunguliwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850. Mwaka 1890 Eugene Schieffelin akawaachia kwezi wa Ulaya wapatao 60 katika bustani ya Central Park, New York, na uzao wao ukalienea bara zima. Wote wawili hutaga mashimoni. Huingia kwenye kibuyu, wakayatoboa mayai ya mwenyeji, wakaua makinda. Jibu la mafundi kwa kwezi ni zuri sana: mlango wa umbo la mwezi mwandamo, wenye kimo cha sentimita 3 tu. Kwezi ana kifua kinene, hukwama. Mbayuwayu, mwenye miguu mifupi, hujilaza akapenya. Kwa shomoro mlango huo haufui dafu, kwa hiyo hapo hubaki kazi ya mkono, kuling'oa tago lake kila linapojengwa, asubuhi baada ya asubuhi.

Watu wanaofanya kazi hii hujiita wenye nyumba, na ndege ni wapangaji. Kodi hailipwi, lakini wajibu wa mwenye nyumba hauna mwisho. Kila siku tano hadi saba katika msimu wa kutaga huteremsha vibuyu, kila kimoja na namba yake, akahesabu mayai, ambayo mara nyingi ni manne hadi sita, akaandika daftarini. Wapo wanaoamini kwamba tago likiguswa na mtu ndege hulitupa. Mbayuwayu hawa hawafanyi hivyo. Mama huzunguka juu akilalamika, na vibuyu vikirudi juu naye hurudi kuatamia. Makinda wakijaa utitiri, mwenye nyumba hutoa takataka zote na kuweka tandiko jipya kavu. Baada ya siku 22 hivi tangu kuanguliwa huacha kabisa kufungua, kwa kuwa kinda aliyekaribia kuota mbawa huweza kuruka kabla ya wakati wake akaangukia mdomoni mwa paka.

Ugumu hasa uko kwenye mvua. Mbayuwayu zambarau hula wadudu wanaoruka, naye huwakamata akiwa angani. Siku nne za baridi na mvua mfululizo zatosha kumuua kwa njaa. Juni 1972 kimbunga Agnes kilipoleta mvua ya siku nyingi Pennsylvania, makundi mazima yaliangamia pamoja na makinda yao. Siku hizi hali ya hewa ikiharibika utawaona wenye nyumba, baadhi yao wazee wenye mikongojo, wamesimama uwanjani wakirusha nyenje kwa kijiko au kwa manati, mmoja mmoja, mpaka ndege mmoja aelewe na kumdaka hewani. Akishadaka mmoja, wengine hufuata. Baadaye hujifunza kula nyenje na mayai ya kuvurugwa kwenye sinia iliyoinuliwa karibu na vibuyu. Ni kazi ya kuchosha mkono na bega, na hakuna sehemu ya ufundi huu inayostahili heshima zaidi.

Biashara nayo iliingia, ikaja na uongo wake. Katika miaka ya 1960 J. L. Wade, mtengenezaji wa antena za televisheni katika mji wa Griggsville, Illinois, alianza kuuza nyumba za ndege za alumini akinadi kwamba mbayuwayu mmoja hula mbu 2,000 kwa siku. Mwaka 1968 mtaalamu wa ndege Herbert Kale aliyachambua madai hayo akaonyesha kwamba hayana msingi. Mbu hupaa chini na hutoka zaidi gizani. Mbayuwayu hula mchana, juu sana, na windo lake ni kereng'ende, mbawakawa, vipepeo na kumbikumbi. Ukweli haukuupunguzia ufundi huu chochote. Watu waliendelea kutundika, na hilo linaonyesha kwamba mbu hawakuwa sababu tangu mwanzo.

Sababu ni kutazama. Aliyewahi kuona kundi zima likishuka jioni, ndege wakiporomoka kutoka juu na kufunga breki mlangoni mwa kibuyu, huku madume wakigombea chumba na makinda wametoa midomo nje, hahitaji kuelezwa. Daftari za watazamaji hawa zimewasaidia pia wanasayansi, nao wanasayansi wana njia zao za kutazama. Mwaka 2007 Bridget Stutchbury wa Chuo Kikuu cha York, Kanada, na wenzake waliwafunga mbayuwayu 20 wa Pennsylvania vifaa vidogo vya kupima mwanga. Jike mmoja alitumia siku 43 kufika Brazili wakati wa kwenda, lakini masika alirudi kwa siku 13 tu, safari ya kilomita 7,500 hivi. Haraka hiyo ina maana: aliyewahi hupata kibuyu kizuri.

Anayerudi hurudi palepale alipozaliana, na hapo ndipo wasiwasi wa sasa ulipo. Idadi ya ndege hawa imepungua tangu miaka ya 1960, na wenye nyumba wengi wamezeeka. Mzee akifariki, mlingoti ukaachwa, shomoro hujaa vibuyuni katika msimu mmoja au miwili na kundi hutawanyika. Ndiyo maana baadhi yao humtafuta mrithi mapema, jirani au mwalimu wa shule ya karibu, wakamfundisha kuteremsha roda na kusoma daftari. Mgeni katika kazi hii huambiwa asitegemee madume wazee wa mwezi Machi, kwa kuwa hao wana kwao. Watakaomjia ni vijana wa mwaka mmoja, wanaofika wiki kadhaa baadaye, manyoya yao bado yana kijivu kifuani, wakitafuta pa kuanzia. Mgeni huwapigia sauti iliyorekodiwa ya wimbo ambao madume wazee huuimba angani kabla ya mapambazuko, na huendelea kuvilinda vibuyu mpaka Juni iishe, hata kama mwaka huo haji yeyote.